Nakwenda kijijini Ludewa wiki tatu na kazi yangu ni ya mtandaoni. Hili dishi dogo la setilaiti litanivusha?

Chausiku_wa_Segerea (Agosti 2025)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Tabata Segerea. Nahudumia wateja wa kampuni moja ya nje, kwa maandishi na kwa sauti, saa kumi jioni mpaka saa nne usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Nikipotea hewani dakika kumi tu msimamizi anauliza niko wapi. Sasa mama kafanyiwa upasuaji wa goti, karudishwa nyumbani Ludewa, ule upande unaoshuka ziwani. Dada aliyekuwa anamuuguza anarudi kwa mumewe, zamu ni yangu. Wiki tatu. Likizo ya mwaka huu nilishaila kwenye msiba wa baba mdogo.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mtandao ulikuwa juu ya jiwe. Sitanii. Kuna jiwe kubwa nyuma ya shule ya msingi, jioni unakuta watu kumi wamepanda wamenyoosha simu juu kama wanaomba mvua. Ukishuka hatua tano simu inasoma E. Ukifika kwa mama haisomi kitu.

Binamu yangu yuko Nairobi na anakuja Dar mwisho wa mwezi. Anasema atanibebea lile dishi dogo la Starlink, linaingia kwenye begi la mgongoni. Nauliza:

Likishavuka mpaka pale Namanga linashika? Kwenye basi naweza kulitumia? Umeme wa kijijini ukikatika, na huwa unakatika, linakula kiasi gani? Na kama mnaona napoteza hela, niambieni mapema kabla sijamtumia.

Kidagaa_Mkavu

Nimekaa pale na karanga zangu. Wajuvi wanakuja.

Fundi_Madishi

Dada, mwambie binamu asinunue kitu. Nitaeleza kwa nini, ila vumilia, ni maelezo marefu kidogo.

Miaka kumi na mbili sasa nafunga intaneti ya setilaiti kwenye kambi za watalii, Ruaha na kule Nyerere. Kwa hiyo setilaiti Tanzania si kitu kigeni. Migodi, benki za wilayani, kambi za porini wametumia VSAT miaka mingi, lile dishi la kama mita 1.2 lililofungwa kwenye zege. Tatizo lake ni umbali. Setilaiti yake imekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lako linapanda, linashuka, jibu nalo linapanda na kushuka. Zidisha mara nne, ni karibu kilomita 143,000. Mwanga wenyewe unaitembea safari hiyo kwa karibu nusu sekunde, weka na vifaa vya njiani unakuta imepita nusu. Barua pepe haijali. Mteja wa kwenye simu anajali, mtaanza kukatishana maneno kila sentensi.

Hizi mpya zinapita chini, kama kilomita 550. Hesabu ile ile inatoa kilomita 2,200, sikio halishtuki. Gharama yake ni kwamba setilaiti ya chini haisimami. Inaizunguka dunia kwa dakika tisini na kitu, kwako inapita dakika chache tu kisha unapokea nyingine. Ndiyo maana wamerusha zaidi ya 7,000. Dishi lako halizunguki kuzifuata, linageuza mawimbi yake kwa umeme huku lenyewe limetulia. Ila lazima lione anga pana. Mwembe mmoja upande mbaya na simu inakatika kila baada ya dakika kadhaa, sekunde chache chache. Kwa mtu anayetazama mpira si kitu. Kwa kazi yako ni balaa.

Hayo yote ni mazuri. Lakini dishi lina GPS, linajua liko nchi gani. Kenya huduma ipo tangu Julai 2023. Rwanda, Msumbiji, Malawi, Zambia, Burundi wanayo, na Kongo wamewasha mwaka huu. Sisi tumezungukwa pande karibu zote, na kwenye ramani yao bado tumepakwa rangi ya kusubiri kibali. Kifurushi cha kusafiria kinafanya kazi kwenye nchi zilizoruhusiwa. Ukivuka Namanga umebeba sahani.

Mbezi_Kwa_Msuguri

> Ukivuka Namanga umebeba sahani.

😂😂 Sahani ya bei mbaya. Lakini mkuu, mbona nasikia watu wanazo kimya kimya?

Fundi_Madishi

Unasikia. Aprili 2024 kampuni iliwaandikia watumiaji wa nchi zisizo na leseni kwamba mwisho wa mwezi huduma itazimwa, na hata kwenye nchi zenye leseni, ukikaa nje ya nchi uliyosajili zaidi ya miezi miwili unatakiwa kuhamisha usajili. Mlango uliokuwa wazi umeanza kufungwa. Wewe unataka kumwambia msimamizi wako kwamba kazi yako imesimama juu ya mlango wa namna hiyo?

Karani_wa_Kisutu

Niongeze la sheria kwa sababu watu hulichukulia kama mzaha. Dishi la king'amuzi linasikiliza tu. Hili la intaneti linaongea, linarusha mawimbi kwenda juu. Kifaa kinachorusha mawimbi kinaingia chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010: kifaa kiwe kimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na anayetoa huduma awe na leseni. Ndiyo tofauti ya Fundi na binamu yako. Kambi anazofungia zina karatasi. Binamu ana begi.

Simtishi dada. Namwambia tu kwamba swali la kwanza halikupaswa kuwa "linashika?"

Chausiku_wa_Segerea

Asanteni. Nimemwambia binamu atulie, kanuna kidogo, alishaweka hadi rangi ya begi kichwani.

Lakini jamani, Agosti 2022 TTCL walipeleka intaneti Kilimanjaro, Horombo, mita 3,720 juu. Mzungu anapiga picha mlimani anairusha papo hapo. Mama yangu mpaka apande jiwe na goti lenye nyuzi!

Nakonde_Express

Dada Chausiku pole na mgonjwa.

Mimi ni dereva, Dar kwenda Lubumbashi. Bosi kaninunulia hilo dishi dogo upande wa Zambia, limesajiliwa kule, kwa hiyo nazungumza kitu nilichokishika. Wengine humu wanazungumza walichokiona kwenye video.

Umeme kwanza. Dogo linakula kama taa moja ya zamani ya kusomea, wati 25 hadi 40 likiwa kazini. Linapokea volti 12 mpaka 48, na lori letu ni volti 24, hivyo nalichomeka moja kwa moja bila inveta. Kwako wewe mwenye pawabenki ya mAh 20,000, hesabu yake ni watt-saa 74, ukitoa zinazopotea njiani unapata saa mbili, labda na nusu. Zamu yako ni saa sita. Utahitaji betri ya sola ya maana.

Pili, usidanganyike na neno kusafiri. Faida kubwa naipata nikiwa NIMESIMAMA. Foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, unaweza kulala siku nne. Hapo naliweka juu ya kabini, naongea na watoto kwa video, tajiri ananiona, wenzangu wanne wanaunga na kunichangia hela ya chai. Gari likiwa linatembea ni habari nyingine, miti ya barabarani, madaraja, kutikisika. Na usiku unalala jicho moja liko juu, maana kila mtu kwenye foleni ameshajua lori gani lina dishi.

Nikirudi, Nakonde, mpakani upande wa Zambia, nalizima. Nalikunja, nalifungia kwenye boksi la zana, navuka Tunduma na laini yangu ya kawaida. Kuna kijana alijaribu kuliacha linawaka aone litafika wapi. Halikufika hata kwenye maegesho.

Halafu Tunduma angalia simu isije ikashika mnara wa ng'ambo. Nilishakombwa salio zima pale nikiwa nimekaa nakula chipsi.

Kidagaa_Mkavu

Swali la kizushi. Mama wa dada si yuko karibu na Ziwa Nyasa? Ng'ambo ni Malawi na Malawi huduma ipo. Akikaa kwenye mtumbwi katikati ya ziwa je?

Nakonde_Express

Kidagaa rudi kwenye karanga.

Nahodha_Kigamboni

Mtumbwi umenikumbusha. Sisi tunaokwenda Mafia na jahazi za wageni tuna kile kifaa kidogo cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kinachotumia mtandao wa Iridium. Setilaiti 66, dunia nzima mpaka kwenye ncha zake. Hakina intaneti. Ni ujumbe mfupi na kitufe cha kuomba msaada, basi. Dada hakimfai kwa kazi, nasema tu kwa sababu watu wanachanganya kitu cha kuokoa roho na kitu cha kufanyia kazi. Na chenyewe pia Karani atakuuliza kibali.

Mzee_wa_Posta

Wanangu, mnazungumza setilaiti kama vile nyaya ni za kijinga. Hakuna setilaiti inayoshindana na waya wa chini ya bahari kwa wingi wa mzigo. SEACOM ilipofika hapa Dar 2009 na EASSy mwaka uliofuata ndipo mlipoanza kuona picha zinafunguka bila kwenda kuchemsha chai kwanza.

Mbezi_Kwa_Msuguri

Shikamoo mzee. Lakini 12 Mei 2024 je? Nyaya hizo hizo mbili zilikatika siku moja kule kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi nzima ikakaa inatazamana. Mimi nilikuwa na abiria kwenye bajaji hawezi kunilipa kwa simu, mimi siwezi kumwachia. Tulikaa Kimara tunapiga stori kama ndugu.

Mzee_wa_Posta

Marahaba. Siku ile nakupa. Nilishika redio.

Ticha_wa_Nyasa

Nimeingia humu baada ya kutumiwa uzi huu na mwanafunzi wangu wa zamani. Nafundisha tarafa hiyo hiyo. Dada, jiwe hilo nalijua, na nina habari ambayo huna.

Umesema mara ya mwisho ulipokwenda. Lini? Kama ni kabla ya mwaka jana basi unalinganisha na kijiji ambacho hakipo tena. Ule mradi wa minara 758 uliosainiwa Mei 2023 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umegusa kata 713, na huku kwetu mnara umesimama upande wa pili wa bonde. Nyumbani kwenu hauonekani kwa sababu ya kile kilima chenye migomba, ila mawimbi yanapita juu yake. Ukiwa chini ukutani hupati. Ukipanda mita saba unapata.

Ninachofanya mimi: nina rauta ya laini yenye matundu mawili ya antena ya nje. Antena nimeifunga juu ya mwanzi, mwanzi ule ule wa ulanzi, mrefu, mkavu, hautudai kitu. Nimeielekeza kwenye mnara kwa kugeuza taratibu huku mtoto yuko chini anasoma namba za nguvu ya mawimbi kwenye simu. Waya wa antena uwe mfupi, kwa sababu kila mita ya waya inakula ulichokipata juu. Ni afadhali rauta yenyewe ipande karibu na dari kuliko kuvuta waya mita ishirini mpaka sebuleni.

Rauta inakula chini ya wati 10. Linganisha na hizo za dereva.

La muhimu kuliko yote: kabla hujapanda basi, mpigie mtu aliyeko pale apime SAA YAKO YA KAZI. Asubuhi huku unaweza kudhani uko Masaki. Saa mbili usiku kijiji kizima kiko mtandaoni, na mnara mmoja unagawana. Apime kwa laini mbili za mitandao tofauti, na apime kupakia, si kupakua tu. Sauti yako inahitaji kidogo sana, kama kilobiti 100 kwa sekunde, lakini inazihitaji bila kukatika.

Chausiku_wa_Segerea

Mwalimu, shikamoo! Ni 2021 ndiyo mara ya mwisho, nimeona aibu hata kuandika.

Nimemtuma mtoto wa mjomba apime. Saa kumi, saa mbili, saa tatu na nusu usiku, siku tatu mfululizo, amepanda kwenye paa la banda la mbuzi na mwenye banda kamfukuza siku ya pili. Laini moja ilikuwa nzuri jioni na ikazama saa mbili. Ya pili ilikuwa ya wastani muda wote, haipandi wala haishuki. Naichukua hiyo ya wastani.

Leo nimekwenda Kariakoo, rauta na antena nimepata. Muuzaji kanipimia waya mita kumi na tano, nikamwambia nipe tano, kaniangalia kama nimemtukana.

Fundi_Madishi

Umeanza kuwa fundi. Funga mkanda mweusi wa mpira kwenye maungio ya antena, maji yakiingia humo utamlaumu mnara bure. Na chukua laini zote mbili, usiache moja Dar.

Chausiku_wa_Segerea (baada ya siku tano)

Naandika nikiwa njiani, nitaposti inaposhika.

Tumetoka Magufuli Mbezi saa kumi na mbili alfajiri. Mpaka Morogoro raha. Mikumi, zile kilomita hamsini ndani ya hifadhi, mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua mlango. Nikaacha kuhangaika nikatazama twiga. Ruaha Mbuyuni ukarudi, nikanunua vitunguu nisivyovihitaji. Kitonga ukakata, tukapanda mlima nyuma ya lori la mafuta kwa mwendo wa mtu mzima mwenye kikohozi.

Nilikuwa nimeshaomba ruhusa ya siku mbili za njiani. Mliosema nisijaribu kufanya kazi ndani ya basi mlikuwa sahihi. Jirani yangu alikuwa na kuku.

Nakonde_Express

Hiyo Kitonga nilikuwepo jana. Inawezekana lori la mafuta ni la rafiki yangu, mwendo ndio wake.

Chausiku_wa_Segerea (baada ya wiki mbili)

Wakuu, nimerudi na mrejesho, maana nyuzi nyingi humu mwenye uzi anapotea.

Mama anaendelea vizuri, anatembea na fimbo na anaitumia fimbo hiyo kunionyesha cha kufanya.

Mwanzi tulikata kwa mjomba, kwa masharti kwamba mashina yanayogemwa tusiyaguse. Siku ya kwanza niliielekeza antena kwenye mnara kama mwalimu alivyosema, nikapata megabiti 3. Nikageuza kidogo kushoto, mbali na mnara, nikapata 9 kushuka na 4 kupanda. Sielewi. Mwalimu alikuja akasema mawimbi yanagonga mwamba wa upande ule na kurudi, kwa hiyo namsikiliza mwamba. Sawa, jiwe limenifuata mpaka nyumbani.

Umeme umekatika mara sita. Rauta iko kwenye betri ndogo ya sola, kompyuta ina chaji yake, mteja hakujua. Kilichoniangusha ni kitu kingine kabisa: Jumatano ya wiki ya kwanza mnara wenyewe ulizimika saa mbili usiku, nadhani nao ulikosa umeme. Laini ya pili nayo kimya. Nilipanda jiweni na tochi, nikapata mawimbi ya upande mwingine, nikamwandikia msimamizi kwamba nitalipa saa mbili Jumamosi. Akajibu sawa. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa la kusemwa tu.

Kwa hiyo Fundi, usiku ule ningekuwa na dishi halali ningekubusu mikono. Siku nyingine zote kumi na tatu sikulihitaji.

Karani_wa_Kisutu

Likihalalishwa utanunua?

Chausiku_wa_Segerea

Peke yangu hapana. Shule ikilinunua nitachangia. Kwa mtu anayekuja wiki tatu kwa mwaka, mwanzi unatosha.

Ticha_wa_Nyasa

Shule imesikia. Tunaandika barua.

Kidagaa_Mkavu

Dada, antena unarudi nayo Dar au unaiacha?

Chausiku_wa_Segerea

Naiacha. Mama kashaanza kuangalia mahubiri na mafunzo ya kufuga kuku. Jana nimekuta vijana wanne wamekaa chini ya mwanzi wetu usiku, hakuna anayesalimia, vichwa chini. Nenosiri nilikuwa nimelibadilisha asubuhi. Nimemuuliza mama, kasema wamemchotea maji.